Kukarabati nyumba ya mawe Mji Mkongwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mafundi, mikataba na kazi yenyewe

Majibu haya ni ya mwenye nyumba, mrithi au mpangaji wa muda mrefu wa nyumba ya mawe na boriti ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, kuanzia Malindi na Kiponda hadi Shangani, Baghani na Vuga. Mwenye nyumba ya matofali ya saruji kule Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, atafaidika na habari za mikataba, lakini habari za kuta na chokaa hazimhusu.

Nianze na fundi au na karatasi?

Karatasi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina zaidi ya mwenyewe mmoja. Nyingine ni za Serikali, nyingine ni wakfu chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, nyingine ni za mirathi ambayo haijagawiwa, na warithi wako Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London. Ukimwingiza fundi kabla hujapata ridhaa ya wote kwa maandishi, kazi itasimama siku ambayo paa limeshafunuliwa na mmoja wao amepiga simu kuuliza nani kakuruhusu. Mpangaji wa nyumba ya wakfu asiguse ukuta kabla Kamisheni haijakubali, hata kama pesa ni zake. Pia makubaliano yaandikwe: gharama zitakatwa kwenye kodi, au ni sadaka?

Kibali kinatakiwa hata kwa plasta na rangi?

Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na usimamizi wake uko chini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Nenda ofisini kwao kabla hujagusa chochote, hata kama unaona ni kazi ndogo. Kufungua dirisha jipya, kuongeza ghorofa, kubadilisha paa, kuondoa roshani au baraza ya nje, kubadilisha mlango: hayo usiyafikirie bila kibali. Kuhusu plasta ya nje na rangi, uliza na upate jibu kwa maandishi. Chukua picha za kila upande wa nyumba, vyumba vya ndani na mapaa, pamoja na hati ya umiliki na michoro ya unachotaka kufanya. Nyumba zenye thamani kubwa ya kihistoria zimepangwa kwa madaraja, kwa hiyo uliza yako iko daraja gani. Jirani kuruhusiwa jambo fulani si dalili kwamba na wewe utaruhusiwa.

Mpe sheha, kiongozi wa mtaa, taarifa pia. Kifusi kitapita kwenye kichochoro chake na malalamiko ya kwanza yataletwa kwake.

Fundi akikwambia "tuanze tu, kibali kitafuata", muulize nani atalipa gharama za kubomoa ikiwa kazi itasimamishwa. Kwa kawaida hapo hunyamaza.

Nitafute mkandarasi aliyesajiliwa au fundi wa mtaani?

Inategemea kinachoguswa. Kazi inayohusu kuta zinazobeba, sakafu nzima za ghorofa au paa lote inataka mkandarasi mwenye usajili hapa Zanzibar, na juu yake mhandisi au msanifu wa kwako wewe, ambaye halipwi na mkandarasi. Plasta ya vyumba viwili, kubadilisha boriti nne, kutengeneza dirisha: hizo fundi mwashi mzuri na seremala mzuri wanazimudu bila kampuni yoyote. Tatizo linatokea pale kampuni inapochukua kazi kwa jina lake kisha ikaleta vijana waliozoea matofali na zege tu. Katika mkataba taja jina la fundi mkuu atakayekuwepo nyumbani kila siku, na kwamba habadilishwi bila ridhaa yako.

Nitamjuaje fundi anayeielewa nyumba ya chokaa?

Muombe akupeleke kwenye nyumba aliyoimaliza na ambayo imeshapitiwa na masika mawili. Plasta ya wiki iliyopita hupendeza hata ikiwa mbovu. Pale tazama sehemu ya chini ya kuta, kimo cha kiuno, kama kuna unga mweupe au rangi inayobanduka. Gonga kwa kidole: sauti ya utupu maana yake plasta imeachana na ukuta.

Kisha muulize maswali matatu. Plasta utachanganya nini na nini? Ncha ya boriti ikiwa imeoza ndani ya ukuta utafanyaje? Ukuta wenye unyevu utaukausha vipi? Fundi anayejua ataanza kwa kukuuliza maji yanatoka wapi. Asiyejua atakujibu kwa neno moja, saruji, na pengine ataongeza dawa ya kuzuia maji ya kupaka juu.

Mbona mafundi watatu wamenipa bei tatu zilizopishana sana kwa nyumba ile ile?

Kwa sababu kila mmoja amepigia hesabu kazi yake. Wa kwanza amekadiria plasta ya saruji, wa pili ameweka boriti kumi mpya, wa tatu hakuhesabu kabisa kubeba kifusi. Andika mwenyewe orodha moja yenye vipimo na uwape wote watatu: mita za mraba za plasta ya kubandua na ya kupiga, idadi ya boriti na urefu wake, mita za bomba, idadi ya madirisha, safari za kifusi. Kila mstari uwe na bei ya vifaa na bei ya ufundi mbalimbali. Hapo utaona tofauti iko wapi. Bei ya chini kabisa mara nyingi hutokana na kitu kilichosahauliwa, na kitakurudia katikati ya kazi kwa jina la "nyongeza".

Nikubaliane bei ya jumla au malipo ya kutwa?

Usikubali bei ya jumla ya nyumba nzima kabla haijafunuliwa. Hili ndilo kosa linalowagharimu watu zaidi kuliko yote. Nyumba ya zamani imefichwa na plasta, dari za plywood, vigae na tabaka za rangi za miaka mingi. Hakuna fundi anayeweza kuona ncha za boriti zilizozama ukutani. Anayekupa bei kamili bila kuziona ama ameongeza sana ili ajikinge, ama amepunguza ili apate kazi halafu akudai baadaye.

Igawe kazi. Hatua ya kwanza ni kufunua, na hii lipia kwa kutwa: fundi mmoja na wasaidizi wawili, siku tatu mpaka tano. Wafungue matundu ya kama sentimita 40 kwa 40 kwenye dari chini ya kila choo na bafu, kwenye pembe ambako mapaa mawili yanakutana, penye kila doa la maji, na kwenye plasta ya ukuta wa chini karibu na mlango. Boriti zijaribiwe ncha zote mbili kwa msumari wa inchi nne: ukizama bila nguvu, imekwisha. Piga picha kila tundu pamoja na futi ya kupimia ndani ya picha.

Baada ya hapo kazi zinazopimika, kama paa, plasta, sakafu na madirisha, zipewe bei kwa kipimo. Zile ambazo hujui zitaishia wapi, kama kurekebisha ukuta uliotoka tumbo, ziendelee kwa kutwa chini ya msimamizi wako. Na weka akiba ya robo ya makadirio yote. Kwa nyumba mpya akiba hiyo ni kubwa mno. Hapa mara nyingi inatumika yote.

Mkataba uwe na nini?

Uwe wa Kiswahili ambacho fundi mwenyewe anakielewa, wenye sahihi za mashahidi, na nakala moja kila upande. Mambo yanayosahaulika ni haya: mchanganyiko wa plasta na wa kujengea kwa vipimo vya ndoo, marufuku ya saruji kwenye kuta za zamani bila idhini yako ya maandishi, nani ananunua vifaa na nani anavilinda usiku, nani anabeba kifusi na kinapelekwa wapi, vitu vya zamani vitakavyotoka, kama milango, boriti nzima, bawaba, vioo vya rangi na mawe ya kukanyagia, kuwa ni mali ya mwenye nyumba, na kwamba kazi ya nyongeza hailipwi kama haikuandikwa na kukubaliwa kabla ya kufanywa. Ujumbe wa simu wenye tarehe na picha unatosha kwa nyongeza ndogo.

Nilipe vipi?

Awali, yaani malipo ya mwanzo, isizidi asilimia 15, na ukiwa unanunua vifaa mwenyewe fundi hahitaji hata hiyo. Anahitaji posho ya wiki. Yanayofuata yaende na hatua zilizokamilika na kukaguliwa. Zuia asilimia 10 mpaka masika moja ipite. Fundi wengine hukataa sharti hili, na ni haki yao kujadili. Punguza iwe 5, lakini usiiondoe kwenye paa na mabafu. Nunua chokaa, mchanga na boriti wewe mwenyewe au mtu wako, kwa sababu ndiko kuna tofauti kubwa ya ubora isiyoonekana baada ya kazi kufunikwa.

Saruji ina ubaya gani, wakati ni ngumu zaidi?

Ubaya wake ni huo ugumu. Ukuta wa Mji Mkongwe kwa kawaida una unene wa nusu mita au zaidi: nyuso mbili za mawe ya matumbawe, katikati vipande vidogo, vyote vimeshikwa kwa udongo na chokaa. Hauna msingi wa zege wala kizuizi cha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia kutoka kwenye mvua, na hutoka tena kupitia plasta ya chokaa, ambayo inapumua. Ukuta huo pia unacheza kidogo kwa joto na baridi, kwa mvua na jua, na chokaa inacheza nao.

Ukiupaka saruji, maji yanabaki ndani. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, kwa hiyo doa lililokuwa kimo cha goti baada ya miaka michache liko kimo cha bega. Chumvi inayosafiri na maji hayo hukauka na kufanya fuwele nyuma ya plasta, fuwele zinasukuma, na plasta inabanduka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya matumbawe. Udongo wa ndani unalainika. Ncha za boriti zilizokaa kavu miaka mia zinaanza kuoza. Mwenye nyumba anaona ukuta "umeharibika tena", anaita fundi, fundi anaongeza saruji.

Rangi ya plastiki hufanya jambo lile lile polepole zaidi. Kwa kuta za zamani tumia chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono (tabaka) mitano au sita, ukuta ukiwa umelowanishwa kwanza.

Saruji ina mahali pake: kisima cha lifti, chemba za maji machafu, ukuta mpya wa uani usioshikana na wa zamani. Huko hakuna ugomvi.

Plasta ya saruji iliyopo niibandue yote?

Bandua palipo na utupu na palipo na unyevu kwanza. Iliyoshika sana juu ya ghorofa kavu unaweza kuiacha mpaka baadaye, kwani kuing'oa kwa nguvu hung'oa na mawe. Tumia nyundo na tindo kwa mkono. Mashine ya kupasulia zege inatikisa ukuta mzima na wa jirani. Ukishabandua, uache ukuta wazi. Chumvi iliyotoka ipigwe brashi ikiwa kavu na ikusanywe itolewe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ukuta mnene uliofungwa kwa saruji miaka mingi unaweza kuhitaji miezi kadhaa kukauka, na fundi anayetaka kupiga plasta mpya wiki ijayo anakupa kazi ya kurudia.

Chokaa ipi, na ya kiasi gani?

Chokaa ya kienyeji hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la magogo, kisha kuyazima kwa maji. Ikizimwa ikae ndani ya maji, imefunikwa, wiki kadhaa angalau. Ikikaa miezi ni bora. Isiyoiva vizuri ina punje ambazo hazijazimika, na hizo hufumuka ukutani baadaye na kuacha vijishimo kama ndui. Ichunge kwenye wavu mwembamba. Anayezima chokaa avae miwani na glavu, na atie chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Kumwaga maji juu ya rundo la chokaa hulipuka na kuunguza macho.

Mchanganyiko wa kawaida wa plasta ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Mchanga uwe safi na wenye chenga za ukubwa tofauti. Mchanga wa pwani una chumvi na hautakiwi, uwe wa kuoshwa au la. Uchimbaji mchanga Zanzibar unadhibitiwa, kwa hiyo dai risiti ya mahali ulikotoka.

Mfano wa hesabu: chumba cha mita 3 kwa 6, kimo mita 3, kina kuta za mita za mraba 54. Plasta ya sentimita 2 ni mita za ujazo 1.1 hivi, na kwa kuwa kuta hazijanyooka ongeza moja ya tano, ifike 1.3. Mchanga utakuwa karibu huo huo, mita 1.3, kwa sababu chokaa inaingia kwenye nafasi za mchanga; ni ndoo 65 za lita 20. Chokaa ni thuluthi yake, ndoo 22. Fundi akileta mifuko inayotosha nusu ya hapo, ama plasta itakuwa nyembamba, ama kuna kitu kingine atachanganya.

Ipigwe kwa mikono miwili: wa kwanza usizidi milimita 15, wa pili kama 10, na mwisho niru laini ya milimita 2 au 3. Kati ya mkono na mkono ipite wiki moja au zaidi, na ukuta unyunyiziwe asubuhi na jioni. Plasta ikikauka haraka kwa jua inapasuka nyufa za buibui, basi nje itundikiwe magunia yaliyoloweshwa.

Boriti zimeoza. Niweke zege?

Wengi wanashauri hivyo, na sababu yao huwa kwamba zege ni jepesi kuliko sakafu ya zamani. Mara nyingine ni kweli: zege la sentimita 15 lina uzito wa kilo 360 hivi kwa mita ya mraba, na sakafu ya mawe na zege la chokaa juu ya boriti inaweza kuzidi hapo. Ila uzito si shida yenyewe. Kuingiza zege lazima ukate mfereji kuzunguka kuta zote nne, na kuta hizo zimeshikana kwa udongo. Zege likishakaa ni gumu, ukuta unacheza, na nyufa zinatokea mstari mzima pale vinapokutana. Halafu nondo zake, katika hewa ya bahari na mchanga wenye chumvi, zinashika kutu, zinavimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Boriti ikiwa imeoza ncha tu, si lazima itolewe. Seremala hupitisha mhimili wa mbao ngumu kando ya ukuta chini ya ncha zote, ukikaa juu ya mawe yaliyochomoza au nguzo, na boriti zinaegemea hapo. Ikibidi kubadilisha, hesabu ni rahisi: chumba cha upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, boriti zikikaa kila sentimita 40, zinatakiwa 16. Kila moja iwe na mita 3 na nusu, ili ncha ziingie ukutani robo mita kila upande. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu hii: boriti za zamani ni miti ya mikoko, na mkoko haukuwahi kutoa mti mnyoofu mrefu zaidi.

Ukataji mikoko umewekewa mipaka. Taka kibali na risiti kutoka kwa muuzaji, au tumia mbao ngumu iliyotibiwa dhidi ya mchwa. Tundu la ukutani lijengwe kwa chokaa na liachiwe nafasi ya hewa pembeni mwa ncha. Kuizungushia nailoni, kama wengine wafanyavyo, kunaiozesha.

Kabla ya kutoa hata boriti moja, sakafu ipigwe miega (nguzo za kuitegemeza) kutoka chini kabisa, ghorofa kwa ghorofa, kila mwega juu ya mwenzake. Mwega unaosimama juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza bila kitu chini yake umehamisha tu mzigo.

Ukuta una ufa. Ni wa hatari?

Weka alama kabla ya kuogopa. Paka donge dogo la plasta ya jasi juu ya ufa, andika tarehe, na kila mwezi tazama kama limepasuka. Ufa wa zamani usioendelea huzibwa kwa chokaa. Ufa unaopanuka, unaopita kwenye kona mbili, au wenye upana tofauti juu na chini ni wa mhandisi. Ukuta uliotoka tumbo ni mbaya zaidi ya ufa, kwa sababu uso wa nje umeachana na wa ndani. Usimruhusu yeyote auchokonoe wala abandue plasta yake kabla haujategemezwa.

Naweza kuongeza bafu ghorofani?

Ukiliweka juu ya bafu lililopo chini, na mabomba yakipita nje upande wa uani ambako kila uvujaji utaonekana. Mabomba yaliyozikwa ndani ya ukuta wa matumbawe huvuja miaka bila mtu kujua. Sakafu ya bafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, iwe na tabaka la kuzuia maji linalopanda ukutani sentimita 20, na kabla ya vigae izibwe tundu, ijazwe maji, ikae saa 24. Kaa chini yake na tochi. Fundi anayekataa jaribio hili hajiamini.

Tangi la maji juu ya paa?

Lita 1,000 ni tani moja, lita 2,000 ni tani mbili, juu ya boriti za babu yako. Weka tangi kubwa chini na pampu, na juu liwe dogo, likikaa pale kuta mbili nene zinapokutana.

Umeme je?

Fundi umeme mwenye leseni, na ukaguzi wa Shirika la Umeme kabla ya kuunganishwa upya. Waya zipite kwenye mifereji ya juu ya plasta. Kuchimba ukuta wa matumbawe kwa kina kirefu ili kuficha waya ni kuudhoofisha bure. Kila ghorofa iwe na swichi yake kuu. Mashine ya nje ya kiyoyozi isitundikwe mbele ya nyumba, na maji yake yawe na bomba mpaka chini. Kiyoyozi kimoja kinachodondokea ukutani mchana kutwa ni sawa na bomba linalovuja.

Msimu gani wa kuanza?

Paa lifunuliwe kuanzia Juni masika ikishakatika, na lifungwe kabla ya vuli. Plasta ya chokaa inapenda kipupwe, Juni mpaka Agosti, jua halijawa kali. Matundu ya kuchunguza na karatasi zifanywe kaskazi, kabla ya masika. Machi mpaka Mei usifungue chochote kinachotazama mbingu. Ongeza kwenye ratiba Ramadhani na sikukuu; fundi anayekwambia mwezi huo kazi itaenda kama kawaida anataka awali.

Vifaa vitaingiaje kichochoroni?

Gari inaishia barabarani. Kutoka hapo ni mkokoteni, gari la ng'ombe au hamali, na gharama hiyo iwe mstari wake kwenye makadirio, kwa safari za kuingia na za kutoka. Kifusi kitiwe kwenye mifuko ndani ya nyumba na kitolewe kila siku. Kikilundikwa ghorofani ni mzigo ambao sakafu haikuukusudia, na kikilundikwa nje mvua moja inakipeleka kwenye mfereji wa mtaa mzima.

Tunaweza kuendelea kuishi ndani?

Kazi ya plasta na rangi, ndiyo, chumba kwa chumba. Kazi inayogusa sakafu, boriti au kuta zinazobeba, hapana, hata usiku. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu walipoteza maisha. Jengo lile lilikuwa na wahandisi na bajeti ambayo wewe huna. Wahamishe wazee na watoto.

Ukuta ni wa pamoja na jirani. Nifanyeje?

Nenda kwake kabla ya fundi. Piga picha ndani mwake pia, kwa ridhaa yake, ufa kwa ufa, na mpe nakala. Nyumba hizi zinaegemeana, na boriti zake huenda zimeingia kwenye ukuta huo huo kutoka upande wa pili.

Mlango wa kuchonga na roshani nivifanye nini wakati wa kazi?

Mbao za mlango zitolewe, zihifadhiwe ndani kwenye chumba chenye kufuli, na kila njumu ya shaba ihesabiwe na kuandikwa. Fremu ibaki mahali pake, ifunikwe kwa mbao. Mkokoteni mmoja unatosha kuvunja nakshi. Usikubali fundi rangi aing'arishe kwa mashine ya msasa. Roshani usiikanyage, wala usiifanye jukwaa la kupandishia vifaa, mpaka seremala akague mbao zinazoingia ukutani.

Fundi ameacha kazi katikati. Sasa?

Siku hiyo hiyo piga picha kila kitu, hesabu vifaa vilivyobaki, badilisha kufuli, na mwandikie barua yenye muda wa kurudi, nakala kwa mashahidi wa mkataba. Funika kilicho wazi kwa turubai. Fundi mpya asianze kabla ya kupima kilichofanyika mbele ya shahidi, la sivyo utalipia ukuta mmoja mara mbili. Kama ulilipa kwa hatua, hasara yako ni ya hatua moja.

Nipokee kazi vipi?

Usipokee siku ya jua. Subiri mvua kubwa ya kwanza, panda darini na tochi, fuata kila bonde la paa na kila gata mpaka maji yanapomwagikia. Yaangukie mferejini, mbali na mguu wa ukuta. Fungua na funga kila dirisha na mlango mara tatu. Mwaga ndoo ya maji katika kila bafu kisha teremka chini uangalie. Gonga plasta ukuta kwa ukuta, na palipo na utupu chora duara kwa chaki; maduara yahesabiwe na fundi ayarudie kabla ya malipo ya mwisho. Mti ukichipua kwenye ukuta, hasa jamii ya mtini, ung'olewe ukiwa na majani mawili. Ukifika mkono mzima mizizi imeshaingia kati ya nyuso mbili za ukuta, na kuitoa ni kazi ya mwashi.